Pikipiki ya boma: kuichagua na kuitunza



Vipeperushi vyetu vingi vinahusu kupe, minyoo na chanjo. Hiki kinahusu pikipiki, na sababu yake ni hii.

Kiangazi cha mwaka juzi nilitoka wilayani na chupa nane za chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, kila chupa dozi 100. Maboma matatu yalikuwa yamezuia mbuzi tangu alfajiri yakinisubiri. Kwenye kasha nilikuwa na barafu ya kutosha hadi saa nane mchana. Kilomita kama 30 kutoka lami, mahali pasipo na mti wala mtu, mnyororo wa pikipiki yangu ulikatika. Meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno. Nilikuwa nimeyaona wiki mbili kabla, nikasema nitabadilisha mwisho wa mwezi. Nilisukuma pikipiki mpaka jua likazama. Barafu iliyeyuka. Chanjo ile inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka inapofika kwa mnyama, na ikishashinda juani haifai tena kuchomwa. Chupa zote nane zikatupwa. Nilipopata nyingine zilikuwa zimepita siku kumi na moja, na katika boma la tatu mbuzi walikuwa wameshaanza kutoa makamasi na kuharisha. Walioanza kuugua hawachanjwi. Mama mwenye mbuzi hakunilaumu. Aliniuliza tu, sproketi ni shilingi ngapi.

Mimi si fundi. Nilisomea afya ya mifugo ngazi ya astashahada, na pikipiki nimejifunza kwa kuharibikiwa nayo. Ninayoyaandika ni kwa boma lililo mbali na lami, kama kwetu huku magharibi ya Longido kuelekea Ketumbeine na Gelai, lakini mfugaji wa Simanjiro au Kiteto atayaona yanamhusu pia.

Kabla ya kuuza ng'ombe

Pikipiki mpya ya kawaida hununuliwa kwa bei ya madume kadhaa ya mnadani, na idadi inategemea msimu. Ng'ombe akiwa amenona baada ya mvua, wachache wanatosha. Kiangazi kikishakomaa na ng'ombe wakaonyesha mbavu, pikipiki ileile itakula karibu mara mbili ya hao, kwa sababu bei dukani haishuki kwa kuwa malisho yameisha. Mliopita kwenye ukame wa mwaka 2021 na 2022 mnajua ng'ombe aliuzwaje siku zile. Kwa hiyo kama boma limeamua kununua, uza mapema, wanyama wakiwa na mwili.

Uza maksai na madume yasiyotumika. Usiuze mtamba. Nimeona vijana wakiuza mitamba mitatu kwa sababu mnunuzi alikuwa tayari pale pale, na miaka miwili baadaye pikipiki ni mkweche na boma halina maziwa. Tena zungumzeni na akina mama kwanza, maana maziwa ni yao na wao ndio watakaojua ng'ombe yupi akiondoka watoto watalala njaa.

Fedha zote zisiishie dukani. Ukiwa umekadiria madume manne, weka wa tano pembeni kwa ajili ya kadi, bima, leseni, kofia ngumu, vifaa na spea za mwaka wa kwanza. Kama huyo wa tano hayupo, subiri. Pikipiki isiyo na fedha ya tairi haikutoi bomani.

Je, ni lazima iwe pikipiki? Mara nyingi ndiyo. Gari linataka mafuta ambayo boma moja haliwezi, na mlioko kwenye kikundi mnaweza kulifikiria pamoja. Guta la matairi matatu linabeba maji vizuri sana kwenye ardhi tambarare, ila kwenye korongo na mchanga mwingi linakwama na kupinduka. Punda naye asidharauliwe. Kwa maji ya kila siku bado namwona punda kuwa wa bei nafuu kuliko petroli.

Ipi?

Watu huniuliza ipi ina nguvu zaidi. Swali hilo si la kwanza. La kwanza ni hili: ikiharibika, spea yake ipo wapi na nani anaijua?

Nenda mnadani usiku haujaingia, kabla watu hawajatawanyika, utembee kwenye pikipiki zilizoegeshwa. Hesabu. Aina utakayoiona kwa wingi, tena zikiwa za zamani na zimechakaa lakini bado zinatembea, hiyo ndiyo inayofaa nchi yenu. Kisha nenda kwa muuza spea wa karibu, usimwambie unataka kununua pikipiki. Mwulize tu kama ana vitu vinne vya aina hiyo: mnyororo na sproketi zake, sahani za klachi, waya wa klachi, na tyubu ya nyuma. Akivitoa vyote kwenye rafu, vizuri. Akikwambia ataagiza Arusha, jua kwamba siku moja utakaa wiki nzima bila usafiri kwa ajili ya waya wa klachi.

Kwa sehemu nyingi za kwetu jibu linaangukia Boxer au TVS za injini ya sisi 125 hadi 150. Ni nyepesi kuinua ikianguka, injini yake inapozwa na hewa, na mafundi wa chini ya mti wamezifungua mara nyingi. Honda na Yamaha zilizotengenezwa kwa ajili ya mashamba, kama zile Yamaha AG, ni imara kuliko hizo, mnyororo wake umefunikwa vumbi lisiingie, na ukipata iliyotunzwa utafurahi. Tatizo ni bei na spea. Tena AG 100 ya zamani ina tangi lake la oili, mbali na la petroli, na ni lazima lijazwe. Anayeiazima bila kujua hilo, oili ikaisha, ataiua injini.

Angalia mambo haya pia. Iwe na kiki. Zipo zinazowaka kwa kubonyeza kitufe tu, na betri ikifa ukiwa ronjo umekwisha. Ringi iwe ya spoki, kwa sababu ikigonga jiwe inapinda na fundi anainyoosha. Ile ya kumimina ikipasuka ndiyo basi. Na kiti kiwe cha chini kiasi kwamba mama mjamzito au mzee anaweza kupanda bila kubebwa. Vijana hupenda ile ndefu ya kurukia mawe. Lakini siku ya uchungu anayepanda si kijana.

Ukinunua iliyotumika

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, ameshaipasha ili isikusumbue kuwaka, na kuna jambo anaficha. Ikiwa baridi, iwashe mwenyewe kwa kiki. Kiki iwe na uzito mguuni. Ikishuka kama inakanyaga hewa, pistoni na ringi zake zimechoka. Tazama moshi ukiongeza mafuta: wa bluu maana yake inakula oili, na hiyo ni injini ya kufunguliwa. Tazama shokapu za mbele kama zinavuja. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Tazama meno ya sproketi, kwa kosa langu mimi.

Halafu kadi. Namba ya chesisi na namba ya injini zilizogongwa kwenye chuma zilingane na zilizo kwenye kadi, na mwenye jina kwenye kadi awepo siku ya kuuziana, muende naye kubadilisha umiliki TRA. Pikipiki ya bei rahisi isiyo na kadi ni kama ng'ombe mwenye alama ya ukoo mwingine. Utaipanda kwa hofu, na siku ikikamatwa hutakuwa na la kusema.

Vumbi ndilo adui

Huku kwetu, hasa upande wa Ziwa Natron ambako udongo una majivu ya volkano, vumbi ni laini kama unga. Linaingia kila mahali. Kinacholizuia lisifike ndani ya injini ni chujio la hewa peke yake, ambalo mafundi huliita eya klina. Ukisikia injini ya mtu imekufa mapema, mara nyingi anza kuuliza habari za chujio.

Wengine wakiona pikipiki haivuti, hulitoa chujio kabisa ili ipate hewa. Itavuta kweli, kwa wiki chache. Baada ya hapo vumbi litakuwa limeisaga silinda kama mawe ya kusagia. Usikubali fundi akushauri hivyo.

Lifungue kila wiki wakati wa kiangazi. Kama ni la sponji, lioshe kwa maji na sabuni, likamue bila kulinyonga, likauke kivulini, kisha lipake oili safi kidogo na kulikamua mpaka liwe na unyevu tu wa kushika vumbi. Kama ni la karatasi usiloweke. Ligonge taratibu, lipulizwe kutoka ndani kuja nje, na likishakuwa jeusi lisilotoka, nunua jipya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko mbuzi yeyote mliye naye.

Baada ya hewa, oili. Oili ya injini inayofaa hali ya hewa yetu kwa pikipiki nyingi ni ya 20W-50, na lita moja kwa kawaida inatosha. Soma kwenye chupa kama ni ya pikipiki, maana klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili ileile, na baadhi ya oili za magari zinaifanya iteleze. Alama ya JASO MA kwenye chupa inaonyesha kwamba inafaa. Nunua duka unaloliamini, chupa ikiwa na mfuniko usioguswa. Oili nyeusi iliyochujwa na kurudishwa kwenye chupa ipo sokoni.

Imwagwe lini? Kitabu cha pikipiki kinaweza kutaja kilomita nyingi, lakini kiliandikwa kikifikiria barabara nzuri. Mimi kwa vumbi hili namwaga kila kilomita 1,500. Kama mita ya kilomita imekufa, na nyingi zimekufa, fuata mwezi: mwezi ukiandama, mwaga oili. Hilo hata mtoto bomani atawakumbusha. Imwagwe injini ikiwa na joto kidogo, na oili chafu isimwagwe karibu na kisima wala mahali mifugo inalamba. Isipakwe kwenye vidonda vya ng'ombe pia, ingawa najua wengi hufanya hivyo. Vidonda nileteeni mimi.

Kati ya mwezi na mwezi angalia kiasi cha oili kila baada ya siku chache, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Ikipungua, ongeza. Ikipungua kila mara, kuna ugonjwa.

Mnyororo, matairi na petroli

Mnyororo ufutwe kwa kitambaa, upakwe oili kidogo, na ufutwe tena juu. Ukiuacha ukitiririka oili, vumbi linaganda na kuwa kama msasa. Ukiusukuma kwa kidole katikati, uchezeke kama sentimita 2 hadi 3. Ukilegea unaruka, ukibana unavunjika na kuharibu beringi. Ukibadilisha mnyororo, badilisha na sproketi zote mbili. Mnyororo mpya kwenye meno ya zamani unaliwa haraka, na hiyo si akiba.

Miiba ya migunga haina dawa. Beba tyubu moja nzima, viraka, gundi yake, pampu ya mkono na vyuma viwili vya kutolea tairi. Ukipata pancha weka tyubu nzima, uzibe ile nyingine ukifika nyumbani kwa utulivu. Kabla ya kurudisha tairi, pitisha vidole ndani yake polepole kutafuta mwiba uliobaki. Nimewahi kuziba pancha mara tatu kwa mwiba mmoja, kwa haraka zangu. Ongezea spana za saizi za pikipiki yako, bisibisi, plagi moja, waya wa klachi na kipande cha waya wa kufungia. Vyote vinaenea kwenye mfuko chini ya kiti au pembeni.

Petroli ya chupani vijijini wakati mwingine imechanganywa na mafuta ya taa au ina maji. Ukilazimika kuinunua, chuja kwa kitambaa safi, na kama chupa ni ya kuonyesha, iache itulie uone kama kuna tone la maji chini. Jua pia pikipiki yako inakula kiasi gani. Jaza tangi mpaka juu, nenda safari mnayoijua urefu wake, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Kwenye mchanga na mzigo itakula zaidi ya ulivyoambiwa dukani, na ni vizuri kuijua tofauti hiyo kabla haijakukuta njiani.

Mzigo na mifugo

Madumu manne ya maji ya lita 20 ni kilo 80. Weka dereva, weka abiria mmoja, umeshapita uzito ambao pikipiki nyingi za aina hii zimetengenezewa, yaani kama kilo 150 kwa jumla. Spoki zinakatika, shokapu zinakufa, na breki haishiki kwenye mteremko. Beba madumu mawili, urudi.

Mbuzi au ndama mgonjwa asifungwe miguu minne na kulazwa chali juu ya keria. Mnyama anayecheua akilala chali au ubavu muda mrefu anajaa gesi tumboni, na wapo waliofika kwangu wamekufa kwa kubebwa na si kwa ugonjwa. Atumbukizwe kwenye kapu au gunia lililokatwa, kichwa kikiwa juu, akielekea mbele. Safari ikiwa ndefu, mteremshe apumzike. Ng'ombe wasichungwe kwa kufukuzwa na pikipiki, hasa wenye mimba.

Dawa ya kuogeshea isisafiri kwenye mfuko mmoja na unga, sukari wala nguo za mtoto. Kama mfuko ni mmoja tu, fanya safari mbili.

Na jambo la pikipiki ambalo ni la kazi yangu hasa: magurudumu hubeba ugonjwa. Kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo kinasafiri kwenye kinyesi na tope lililoganda kwenye tairi. Unatoka mnadani ulikokanyaga kinyesi cha ng'ombe wa wilaya tatu, unaingia na pikipiki mpaka katikati ya zizi. Egesha nje ya uzio. Kwangua kinyesi chote, osha tairi na viatu kwa brashi, maji na sabuni, viache vikauke juani, ndipo uingie kwa ndama. Nami nikija kwenu nifanyieni hivyohivyo, msinionee aibu. Mimi ndiye ninayepita maboma mengi kuliko wote.

Usiku wa dharura

Boma liweke lita tano za petroli zisizoguswa, kwenye dumu lenye mfuniko imara, mbali na moto na watoto, nje ya nyumba ya kulala. Zibadilishwe kila mwezi ukiandama: tumia za zamani, weka mpya. Hizo ni za mama aliyeshikwa na uchungu na za mtoto aliyeumwa na nyoka. Kijana akizitumia kwenda mnadani kunywa soda, ashughulikiwe na wazee.

Wawepo angalau watu wawili bomani wanaojua kuiendesha na kuziba pancha, mmoja wao awe yule asiyeondoka na ng'ombe kiangazi. Nimeona boma lenye pikipiki nzima kabisa, petroli ipo, na vijana wote wako ronjo. Mgonjwa akabebwa kwa punda. Sioni kwa nini huyo wa pili asiwe binti. Awe tu na umri wa leseni, aipate ya daraja A, na kofia ngumu ziwe mbili, ya dereva na ya abiria.

Mvua zikianza, korongo lenye maji yanayofika katikati ya gurudumu usilivuke. Subiri, huku kwetu hushuka baada ya saa chache. Injini ikishameza maji usipige kiki tena. Toa plagi, piga kiki bila plagi mpaka maji yatoke, kausha plagi, mwaga oili kama imekuwa nyeupe kama maziwa, weka mpya ndipo uwashe.

Andikeni tarehe ya oili, chujio na mnyororo kwenye daftari lile lile la chanjo na matibabu ya mifugo. Nikipita kwa chanjo ya mbuzi nitaomba kuliona.

Afisa mifugo wa kata